Samaki wa China ni samaki gani hasa? Tuanzie visiwa vya Zhoushan

Taja "samaki wa China" sokoni Nairobi, na mteja atamfikiria sato aliyegandishwa, yule wa bei nafuu aliyezua kelele mwaka 2018 mpaka Rais Uhuru Kenyatta akamzungumzia hadharani. Taja maneno hayo hayo Unguja au Pemba, mtu atafikiria jongoo bahari, anayekaushwa, akatiwa mifukoni na kupelekwa mashariki kwa bei inayomshangaza hata aliyemwokota. Ukifungua simu nako, utaletewa video ya soko lenye matangi ya maji, viumbe vinajikunja ndani, na chini yake maoni yale yale: "Hawa watu wanakula kila kitu."

Hayo ni mambo matatu yaliyobebeshwa jina moja. Tuyatenganishe kwanza.

Sato wanaotufikia wakiwa wamegandishwa ni wa kufugwa kwenye mabwawa ya maji yasiyo na chumvi, hasa mikoa ya kusini kama Guangdong, Guangxi na Hainan. Bahari hawajaiona. Tena asili ya sato ni Afrika. China ilimchukua, ikamfuga kwa wingi, ikaturudishia kwenye katoni. Jongoo bahari naye ni chakula cha karamu. Huloweshwa siku kadhaa mpaka avimbe, kisha akapikwa kwenye mchuzi mzito, na thamani yake iko kwenye heshima ya kumwandalia mgeni zaidi kuliko kwenye ladha, maana ladha yake mwenyewe ni hafifu. Wa kwetu huishia zaidi Hong Kong na miji ya kusini. Kaskazini, Shandong na Liaoning, wana aina yao wenyewe na wanaithamini kupita ya wageni.

Kwa hao wawili huwezi kujua mvuvi wa pwani ya China anarudi nyumbani kula nini. Kulijua hilo inabidi uchague mahali pamoja, kwa sababu pwani ya bara ya nchi hiyo ina urefu wa kilomita zipatazo 18,000, na chakula cha mtu wa Dalian, kaskazini, si cha mtu wa Hainan, kusini. Mimi nimechagua Zhoushan. Ndiko Wachina wenyewe wanakokutaja mazungumzo yakifika kwenye samaki, na pia ndiko utata wa maneno kama "wa asili", "wa kienyeji" na "freshi" unakoonekana waziwazi.

Maji ya tope, samaki wanono

Zhoushan ni visiwa zaidi ya 1,300 katika mkoa wa Zhejiang, kusini mwa Shanghai, kwenye mdomo wa ghuba ya Hangzhou. Vingi ni miamba mitupu. Kisiwa kikuu kiliunganishwa na bara kwa mfululizo wa madaraja mwishoni mwa mwaka 2009. Kabla ya hapo gari lilikuwa halivuki ila kwa feri. Bandari ya wavuvi inayojulikana zaidi ni Shenjiamen, na ng'ambo ya maji tu kutoka hapo kuna kisiwa cha Putuo, mahali patakatifu pa Wabudha, ambako watawa hawagusi nyama wala samaki. Yaani katikati ya eneo kubwa kuliko yote la uvuvi nchini China pana jiko ambalo samaki haingii kabisa. Hawa "wanaokula kila kitu" nao wana watu wao wasiokula.

Mgeni anayefika akitarajia bahari ya samawati huvunjika moyo. Maji mengi ya karibu na visiwa hivi ni ya rangi ya udongo. Wengi huhitimisha hapo hapo kwamba bahari ni chafu na samaki wake hawafai. Lakini rangi ile ni tope la mto Yangtze, ambao unamwaga maji yake baharini kaskazini kidogo tu ya hapo. Tope linakuja na rutuba, rutuba inaotesha vijimea visivyoonekana kwa macho, vijimea vinaliwa na vijidudu, na vijidudu vinaliwa na samaki wadogo wanaoliwa na wakubwa. Anayejua kwa nini kamba wa Tanzania wanavuliwa kwa wingi kwenye mdomo wa Rufiji, kwenye matope na mikoko, na si kwenye maji maangavu wanakozamia watalii, hilo halihitaji kuelezwa mara mbili. Juu ya hayo, mkondo wa maji ya joto unaopanda kutoka upande wa Taiwan unakutana hapa na maji baridi ya pwani yanayoteremka kutoka kaskazini, na samaki wa pande zote mbili wanakusanyika.

Nisije nikaonekana natetea kila kitu: mto huo huo unabeba pia mbolea ya mashamba na maji taka ya miji mikubwa, na pwani ya Zhejiang inasumbuliwa na vipindi vya "maji mekundu", vijimea vikizaliana kupita kiasi mpaka vinadhuru viumbe wengine. Tope silo uchafu, ila uchafu nao upo.

Jambo la pili ni baridi. Visiwa hivi viko kama nyuzi 30 kaskazini ya ikweta, kwa hiyo kuna majira ya baridi ya kweli, na samaki wanajiwekea mafuta kabla ya miezi hiyo. Ndiyo maana watu wa Zhoushan wakikusifia samaki hawataji jina lake tu. Wanataja na mwezi. Na ndiyo maana ukitaka kujua kama kitoweo ni "cha Zhoushan" kweli unahitaji majibu matatu: amevuliwa wapi, amevuliwa lini, na amefanywa nini baada ya kutoka majini. Wauzaji hupenda kukujibu moja na kukuachia udhani wamejibu yote.

Samaki wa dhahabu aliyejichongea kwa sauti

Wavuvi wa huko huwataja wanne pamoja kama mazao makuu ya bahari yao: huangyu mkubwa, huangyu mdogo, daiyu na dome, yule jamaa ya ngisi. Hadithi nzito ni ya huyo wa kwanza.

Huangyu mkubwa ana tumbo la rangi ya dhahabu na midomo yenye wekundu. Nyama yake ni nyeupe na inajitenga kwa mapande laini. Na anapiga kelele. Misuli inatikisa kifuko chake cha hewa, na wakati wa kuzaa kundi zima linanguruma kwa pamoja. Wavuvi wa zamani hawakuhitaji mashine ya kumtafuta. Walitia sikio kwenye sakafu ya mashua, au kwenye mwanzi uliotumbukizwa majini, wakajua yuko wapi na ni wengi kiasi gani.

Sauti ile ndiyo iliyomponza. Na si sauti tu: kichwani mwake, kama jamaa zake wote, ana vijiwe viwili vyeupe vya masikio, vikubwa kuliko vya samaki wengi. Miaka ya 1950 ilienea kutoka Guangdong kupanda Fujian na Zhejiang mbinu ya kuzunguka kundi kwa mashua nyingi ndogo na kugonga mbao kwa pamoja. Mtikisiko ulimpata kichwani, akazimia na kuelea, mkubwa kwa mdogo. Nyavu ina matundu, mtoto anaweza kupenya. Kugonga ubao hakuchagui. Serikali iliipiga marufuku mbinu hiyo miaka ya 1960.

Kilichommaliza kabisa, hata hivyo, kilikuja baadaye na kilikuwa halali. Kipupwe cha 1974 meli za injini za Zhejiang zilimfuata huangyu hadi kwenye maji ya kina anakojificha na baridi, mahali ambapo mashua za zamani zilikuwa hazifiki. Mwaka huo China nzima ilivua karibu tani 200,000. Watu walisherehekea. Lakini samaki huyu anaishi miaka mingi, na wale waliojazana kwenye maji ya baridi walikuwa ndio wazazi wa miaka iliyokuwa inakuja. Kufikia miaka ya 1980 makundi yale hayakuonekana tena, na leo Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, umemweka huangyu mkubwa wa baharini kwenye kundi la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Sasa nenda kwenye duka lolote kubwa la vyakula mjini Shanghai: huangyu wamejaa, na bei si ya kutisha. Imekuwaje?

Kuanzia mwaka 1985 wataalamu wa Ningde, mkoa wa Fujian, kusini zaidi, walifanikiwa kumzalisha kwa mikono ya binadamu, wakapata vifaranga, kisha wakamfuga kwenye vizimba baharini. Leo China inavuna huangyu wa vizimba zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya ule mwaka wa rekodi. Wachina hawajawahi kula huangyu wengi kama wanavyokula sasa. Ila karibu wote wamekulia kizimbani, na sehemu kubwa wametoka Ningde. Zhoushan nako wanafuga, wakijaribu vizimba vya maji ya mbali yenye mikondo mikali, lakini anayekaa mkahawani Shenjiamen akaletewa huangyu wa bei ya kawaida asidhani kwamba lazima ametoka kwenye maji anayoyaona dirishani.

Je, huyo ni feki? Hapana. Ni samaki yule yule. Wa kizimbani ana mafuta zaidi na nyama laini zaidi kwa sababu analishwa na hatembei mbali. Wa baharini ni mwembamba na nyama imekaza. Tofauti hiyo mlaji mzoefu anaijua. Tofauti ya bei inajulikana na kila mtu: huangyu mmoja mkubwa wa baharini anaweza kuuzwa kwa maelfu ya yuani, na habari zake zikaandikwa magazetini kama habari za ng'ombe wa maonyesho.

Penye pesa ya aina hiyo hapakosi ulaghai, na hapa kuna imani moja inayowaponza wanunuzi kila siku: kwamba rangi kali ya dhahabu ni ushahidi wa samaki wa baharini. Siyo. Rangi ya huangyu inafifia kwenye mwanga na kurudi gizani. Ndiyo maana wafugaji wanamvuna usiku wa manane: wavu unapandishwa taa zikiwa chache, samaki anaingizwa moja kwa moja kwenye barafu na maji, na anakufa akiwa na dhahabu yake yote. Ukimvuna huyo huyo saa sita mchana atakuwa mweupe mweupe, na mteja atamkataa. Kwa hiyo rangi inakuambia saa aliyovunwa, haikuambii alikokulia. Wengine wanampaka rangi samaki wa jamii nyingine wa bei rahisi, na hapo ndipo ushauri wa kumfuta kwa karatasi nyeupe unapofaa: ikitoka njano, mwachie mwenyewe. Isipotoka umejua tu kwamba hajapakwa.

Mapishi yake ya heshima ni mepesi kuliko unavyofikiri. Anakaangwa kidogo pande zote mbili, anatiwa maji, tangawizi na majani ya haradali yaliyochachushwa kwa chumvi, moto unapandishwa mpaka mchuzi unageuka mweupe kama maziwa. Basi. Hakuna nyanya, hakuna nazi, hakuna pilipili. Mtu wa pwani yetu angeomba ndimu, na sidhani kama angekosea.

Daiyu, asiyefugika

Daiyu ni mrefu, bapa, hana magamba, mkia wake unaishia kama uzi, na mwili mzima unang'aa fedha. Ndugu yake anapatikana hata kwenye Bahari ya Hindi, kwa hiyo mvuvi wa kwetu akimwona hatashtuka. Ni mkali: anakula hata wenzake, na wavuvi wa mshipi husimulia kumvuta mmoja na kumkuta mwingine ameng'ang'ania mkia wake.

Watu wengi wa miji ya ndani ya China wanaamini daiyu aliye hai hayupo, kwa kuwa hawajapata kumwona kwenye tangi. Wanachosema kina ukweli nusu. Anaishi kina kirefu, na akipandishwa juu mabadiliko ya mgandamizo wa maji yanamuua upesi, hivyo karibu kila daiyu aliye sokoni alikufa kabla hajafika bandarini. Ufugaji wa kibiashara kama wa huangyu nao haupo. Ukiuziwa "daiyu wa baharini asiyefugwa" kwa bei ya ziada, umelipia kitu ambacho wote wanacho.

Cha kulipia ni mambo mengine mawili. La kwanza ni msimu: wa miezi ya baridi, karibu na mwisho wa mwaka, ana mafuta mengi kiasi kwamba ukimkaanga hahitaji kuongezewa sana. Zamani, majira hayo, mashua za mikoa kadhaa zilikuwa zinakusanyika kisiwa cha Shengshan kwa ajili yake. La pili ni namna alivyovuliwa. Wa mshipi anatoka mmoja mmoja na ngozi yake ya fedha ni nzima; wa wavu amesuguana na wenzake na amechubuka. Ile fedha inayobaki vidoleni si dawa wala rangi ya kiwandani, kama wengine wanavyohofu. Ni ngozi yake yenyewe na inaliwa. Wenyeji wanamkata mapande, wanampika na figili iliyokwaruzwa nyuzi nyuzi, na figili ndiyo inayogombewa maana imenyonya mafuta yote.

Kabla ya barafu

Vitoweo vingi vinavyoitwa leo "vya kipekee vya Zhoushan" vilizaliwa na shida moja: samaki wengi kwa siku chache, na barafu haitoshi. Suluhisho ni lile tunalolijua, chumvi na jua, na matokeo yake ni ng'onda. Huangyu anapasuliwa, anafunguliwa kama kitabu, anatiwa chumvi na kuanikwa, kisha anapikwa na nyama ya nguruwe, chumvi ya samaki ikiingia kwenye mafuta ya nyama. Msomaji Mwislamu akipita huko na akasikia harufu nzuri ya ng'onda, aulize kwanza sufuria ina nini kingine.

Ninayempenda zaidi kwa ufundi ni mkunga wa upepo. Hatiwi jua la kiangazi. Wanangoja upepo mkavu wa baridi wa kaskazini-magharibi, wanampasua mkunga mkubwa kupitia mgongoni, wanatoa matumbo na damu, na hapo ndipo mgeni hukosea akijaribu kuiga: hawamwoshi. Wanampangusa kwa kitambaa mpaka akauke, kwa sababu maji yakimgusa ndani ataoza kabla upepo haujamkausha. Kisha wanamtanua kwa vijiti vya mwanzi na kumtundika kivulini. Akiiva kwa upepo anafukizwa kwa mvuke na tangawizi, anachanwa kwa mkono, na nyama inatoka nyuzi nyuzi.

Yavuyavu, wale ambao sehemu nyingine huitwa konyeza, wanaliwa pia, na hapa ndipo video za mitandaoni hupata watazamaji. Kinachoachwa nje ya video ni kazi inayotangulia. Akiwa mbichi hafai kuliwa: amejaa maji na seli zake zina sumu. Anatiwa chumvi na shabu, ile ya kutuliza maji yenye tope, kwa awamu tatu, kila awamu ikimkamua maji na kumkaza zaidi. Anayebaki ni kipande chembamba kinachotafunika kwa mlio, karibu hakina ladha, kinachotiwa siki na mafuta ya ufuta. Ni chakula cha meno. Tahadhari moja ni ya kweli: shabu ina alumini, na anayemtayarisha nyumbani inampasa amloweshe na kumbadilishia maji mara kadhaa kabla ya kumweka mezani.

Kaa mbichi na imani ya pombe

Kaa wa Zhoushan ni wa kuogelea, gamba lake limechongoka ncha pande zote mbili. Kuanzia Agosti madume ndiyo yenye nyama. Majike yanangojewa hadi baridi, yakiwa yamejaa mayai ya rangi ya chungwa iliyoiva. Wengi wanapikwa kwa mvuke tu, na hapo hakuna la kueleza.

La kueleza ni kaa mbichi. Kuna namna mbili: wa chumvi, anayeloweshwa kwenye maji ya chumvi kali kwa saa kadhaa au siku nzima, na "mlevi", anayeloweshwa kwenye mvinyo wa mchele. Wote wawili hawajaona moto. Wenyeji wanamkata vipande, mayai yanakaa kama jeli, na wanakwambia usiogope kwa sababu pombe imeua kila kitu.

Haijaua. Mvinyo wa mchele wa eneo hilo una kilevi cha asilimia kama 15, na hicho hakitoshi kuua vijidudu vilivyo ndani ya nyama kwa muda ule. Pia watu huchanganya hatari mbili. Ile ya minyoo ya mapafu, ambayo wengi wameisikia, inatokana na kaa wa mitoni na vijito, siyo huyu wa bahari. Hatari ya huyu ni bakteria wa majira ya joto, jamii ya vibrio, wanaoongoza kwa kuharisha watu kwenye mikoa ya pwani ya China. Ndiyo maana desturi ya zamani ya kumla miezi ya baridi ina akili ndani yake, ingawa sababu wanayoitaja ni mayai tu. Mwenye ini bovu, mjamzito au mtoto asimguse mwezi wowote. Kwa Mwislamu, "mlevi" hana mjadala, na kuhusu kaa mwenyewe kila mtu ana dhehebu lake; neno la kuulizia mkahawa wa halali kwa Kichina ni qingzhen.

Jambo dogo la mfukoni, maana nimesikia malalamiko: bei kwenye matangi ya mikahawa huandikwa kwa jin, ambayo ni nusu kilo. Anayedhani amesoma bei ya kilo hushtuka wakati wa kulipa na kudhani ameibiwa.

Kome wa kupeleka kwa mfalme

Visiwa vya kaskazini, Shengsi, vinajulikana kwa kome. Karibu na kisiwa cha Gouqi bahari imepangwa mistari ya maboya, na chini ya kila mstari zinaning'inia kamba zilizojaa kome weusi. Wanavunwa wakati wa joto, wanapikwa bila hata kuongezewa maji, na ni miongoni mwa vitoweo rahisi kabisa pale. Anayetaka fahari hawaagizi.

Lakini mwanzoni mwa karne ya 9, enzi ya Tang, kome wakavu na makombe mengine kutoka Mingzhou, jimbo lililokuwa linajumuisha visiwa hivi, yalikuwa kodi ya kupelekwa ikulu Chang'an, Xi'an ya leo, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani. Watu walipokezana kuyabeba njia nzima. Afisa mmoja, Kong Kui, alimwandikia mfalme kwamba mzigo ule unawaumiza wananchi kupita faida yake, na mfalme akausitisha. Kitu ambacho leo unakipata kwa pesa ya chai kilikuwa kinawakondesha watu wa majimbo kadhaa.

Unakula nini mwezi Juni?

Tangu 1995 serikali ya China inafunga uvuvi wa Bahari ya Mashariki ya China kila majira ya joto. Kwa kanuni zilizotumika tangu 2017, uvuvi unafungwa tarehe 1 Mei. Vyombo vya aina fulani, kama vya mitego ya kaa, hurudi baharini Agosti, na meli za kukokota nyavu hungoja hadi katikati ya Septemba. Juni ndio watalii wa China wanaanza kumiminika Zhoushan, na meza zimejaa samaki. Wengine wakiona hivyo husema marufuku ni ya karatasi tu.

Wavunja sheria hawakosekani popote, lakini meza kujaa si ushahidi. Kuna wa vizimba, kuna kome wa kamba, kuna waliohifadhiwa kwenye majokofu tangu Aprili, kuna ng'onda, na kuna walioagizwa kutoka nchi nyingine. Anayetaka waliovuliwa jana kwenye maji ya hapo afike baada ya Agosti, na kama anataka daiyu mnono avae koti afike Desemba.

Dome ndiye anayeonyesha vizuri zaidi mambo yalivyochanganyika. Yule wa Zhoushan, aliyekuwa mmoja wa wale wanne, alikuwa anakuja kutaga kwenye miamba ya visiwa, na mitego ikawekwa hapo hapo. Mayai yakabaki yameshikamana na mitego. Akaporomoka miaka ya 1980. Sasa wanazalishwa wachanga na kurudishwa baharini kila mwaka, na kiasi fulani wameanza kurudi. Ila vifurushi vya ngisi wakavu vinavyouzwa kwa watalii kila kona vina historia nyingine: Zhoushan ni kituo kikubwa cha meli za China zinazovua ngisi mbali, na zinavua kwenye Pasifiki upande wa Peru na kwenye Atlantiki karibu na Argentina. Ngisi anasafirishwa akiwa amegandishwa, anakaushwa na kukolezwa viwandani Zhoushan, kisha anaandikwa jina la Zhoushan. Kwa swali la tatu, la amefanywa nini baada ya kutoka majini, jina hilo ni la haki kabisa.